Mkaa Uleule, Sufuria ya Pili

Mama akishaivisha ugali hazimi jiko. Huinjika sufuria ya maji juu ya makaa yaleyale, na watoto wakaoga maji ya moto bila kuongezwa hata kipande cha mkaa. Kinyerezi II, kituo cha kufua umeme jijini Dar es Salaam kilichozinduliwa Aprili 2018, kinafanya hivyohivyo kwa gesi asilia.

Mashine zake sita huchoma gesi. Moshi unaotoka humo bado una joto la nyuzi 500 na zaidi, kwa hiyo hauachiwi upande angani hivihivi. Hupitishwa kwenye boila, ukachemsha maji, na mvuke wake ukazungusha mashine mbili nyingine zisizochoma gesi yoyote. Katika mfumo wa namna hii, karibu theluthi ya umeme hutokana na mvuke huo.

Sasa twende Ubungo, jijini humohumo, ambako hakuna boila ya namna hiyo. Mitambo ya kwanza ya gesi pale ilifungwa katikati ya miaka ya 1990, ukame ulipokausha mabwawa na mgao wa umeme ukawa mkali. Ilianza kwa kutumia mafuta, ikageuzwa kutumia gesi mwaka 2004 bomba kutoka kisiwa cha Songo Songo lilipofika. Baadhi yake ni aina ya LM6000, na kiini chake ni injini ya ndege, ya ukoo uleule unaorusha Boeing 747.

Mashine kama hiyo huchakaa kuanzia kwenye mapanga. Panga moja la sehemu ya moto hutosha kiganjani. Ni aloi ya nikeli, limetobolewa vitundu vyembamba vya kupitisha hewa ya kulipoza, maana gesi inayolipiga ina joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Huku likiungua, linazunguka maelfu ya mara kwa dakika, na mzunguko huo unalivuta kuelekea nje. Mwaka baada ya mwaka linarefuka kidogo kidogo, rangi yake ya kinga inabanduka, ncha inalika. Ncha ikilika, gesi hupenya pembeni bila kusukuma kitu: unachoma ileile, unapata umeme pungufu. Ndiyo maana sehemu hiyo hufanyiwa matengenezo makubwa kila baada ya saa 25,000 hivi. Mashine ikifanya kazi mfululizo, saa hizo hazifiki miaka mitatu.

Hali ya hewa ya Pwani nayo haisaidii. Uwezo unaoandikwa kwenye mashine hupimwa kwa hewa ya nyuzi 15. Mchana wa Februari Dar es Salaam hupita nyuzi 30, hewa ni nyepesi, na megawati hupungua hata kwa mashine mpya.

Hata hivyo, kuzing'oa mashine za zamani za Ubungo kungekuwa kosa. LM6000 huwaka na kufikia nguvu zake kwa takriban dakika 10. Boila iliyopoa huhitaji saa kadhaa. Mtambo mkubwa ukijizima ghafla, gridi ya taifa haina muda wa kungoja maji yachemke.

Maoni yangu ni haya: gesi ya kufua umeme usiku na mchana ichomwe penye boila, na mitambo ya Ubungo itunzwe vizuri kwa ajili ya dharura.