Usinitajie umri wa pikipiki, nionyeshe chesisi

Swali huja kwa sura mbili. Ya kwanza: "Fundi, pikipiki yangu ina miaka sita, niiuze au nibaki nayo?" Ya pili: "Imeanza kula oili, si bora niiuze kabla injini haijakufa?" Naulizwa hivyo kila wiki na watu wanaobeba chumvi ya Ziwa Katwe, hapa magharibi mwa Uganda, kutoka Kabatoro kwenda Kikorongo, Bwera na Mpondwe, na kila wiki nawajibu kwamba wanatazama mahali pasipo na ugonjwa. Miaka sita ya kubeba abiria mjini Kasese na miaka sita ya kubeba magunia ya chumvi mbichi si umri mmoja. Injini nayo, ambayo kila mtu anaisikiliza kwa hofu, ndicho kitu chepesi kuliko vyote kukifufua.

Injini ya Boxer au TVS ikitoa moshi wa buluu, mara nyingi ni ringi, pistoni na bloku, au sili za vali. Spea hizo zinauzwa Bwera, zinauzwa Kasese, na fundi mwenye mkono mzuri hazimshindi. Klachi hubadilishwa. Cheni na sproketi hubadilishwa. Chesisi haibadilishwi. Ndiyo iliyogongwa namba inayoitambulisha pikipiki kwenye logbuku, na bomba lake likishaliwa kwa ndani hakuna spea ya kuliokoa. Kwetu huku, swali la kuuza au kubaki nayo linajibiwa na chesisi.

Nikisema hivyo najibiwa, tena kwa kujiamini: "Yangu iko salama, naipaka oili chafu."

Hii oili chafu nataka tumalizane nayo leo. Mtu anamwaga oili ya injini, anaikinga kwenye kopo, kisha anachukua kitambaa na kuipaka chesisi nzima, keria, spoki na cheni. Pikipiki inang'aa, yeye anaridhika. Sasa tazama kilichotokea. Oili ile imemwagwa kwa sababu imechoka. Ina masizi, ina vumbi la chuma kutoka kwenye gia, ina asidi iliyotokana na mafuta kuungua, na dawa zilizowekwa kiwandani za kuzuia kutu zimeshatumika. Halafu inapakwa juu ya nini? Juu ya chuma ambacho tayari kina maji ya chumvi kwenye mishono ya welding, chini ya keria, ndani ya nyufa za rangi. Oili haiyaondoi maji hayo. Inayafunika, na chuma kinaendelea kuliwa chini yake huku mwenyewe haoni kitu.

Kisha huja vumbi. Ukipita barabara ya Katwe wakati wa kiangazi, vumbi linanasa kwenye ile oili, likiwa na chembe za chumvi zinazodondoka kutoka kwenye gunia. Baada ya siku chache una utandu mweusi, mzito, wenye chumvi ndani. Chumvi huvuta unyevu hewani, na usiku unyevu ukiongezeka utandu wote unalowa. Asubuhi jua linaukausha juu tu. Kwenye cheni ni vibaya zaidi, kwa sababu lile vumbi la chuma linasaga pini na rola kila sproketi inapozunguka. Na ikichuruzika hadi ndani ya habu ya nyuma, bitana za breki zinaloa, nawe uko kwenye mteremko na magunia mgongoni.

Tena kutu inayoua chesisi huanzia ndani ya bomba. Maji ya gunia huingia kwenye matundu ya boliti na kukaa chini, mahali ambapo kitambaa chako hakifiki kamwe. Na keria unayoipaka oili hiyo ndiyo inayobeba chumvi ya watu kula. Oili iliyotumika ina vitu vinavyosababisha saratani. Hili peke yake lingetosha kumfanya mtu aache.

Asiyeamini ukali wa maji ya chumvi ya ziwa letu akaangalie kiwanda cha chumvi kilichosimama Katwe. Kilijengwa na Wajerumani miaka ya 1970 kwa mashine za kisasa, kikafanya kazi muda mfupi tu, kisha maji ya ziwa yakaharibu mabomba yake na uzalishaji ukakoma. Wahandisi wale hawakuwa wajinga. Ziwa lile halina chumvi ya kawaida tu. Lina magadi, lina salfeti. Chumvi inakula chuma, magadi yanakula aluminiamu, ndiyo maana kava za injini za pikipiki zenu zinatoa unga mweupe. Mabomba ya kiwanda kizima yalishindwa, nawe unaleta kopo la oili chafu?

Kinachosaidia ni maji safi. Baada ya mzigo wa mwisho wa siku, chukua jerikani ya maji ya bomba, mwaga chini ya keria, kwenye shokapu, kwenye mkono wa nyuma unaoshika gurudumu, kwenye spoki. Iache ikauke. Cheni ipate oili mpya, kidogo, kisha uifute. Kabla ya kupakia, tandika turubai chini ya gunia. Basi.

Sasa uamuzi. Osha pikipiki, ikauke, uisimamishe kwenye stendi ya katikati. Gonga mkono wa nyuma na mabomba ya chini ya kiti kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu. Penye malengelenge ya rangi, kwangua. Ncha ikizama, umepata jibu. Tikisa gurudumu la nyuma kushoto na kulia. Likicheza, inaweza kuwa bushi tu, ambazo ni rahisi, lakini hakikisha hakuna ufa kwenye welding. Angalia na shingo ya usukani.

Chesisi ikiwa nzima, usiuze kwa sababu ya moshi. Fungua injini, irudishe kazini. Ikiwa mkono wa nyuma tu ndio umeoza, huo unafunguliwa na kubadilishwa. Ikiwa bomba la chesisi lenyewe limetoboka, usikubali kiraka cha welding, maana pembeni ya kiraka chuma ni chembamba na kitakatika hapo, na wewe na abiria mko juu. Iuze kwa vipande: injini, magurudumu, tangi, shokapu, kila kimoja kwa mtu wake. Usimuuzie kijana pikipiki nzima iliyopakwa rangi mpya juu ya kutu. Kama ni nzima lakini umechoka nayo, iuze sasa, si baada ya misimu miwili zaidi ya kubeba chumvi. Na ukiuza, hamisha jina kwenye logbuku siku hiyohiyo, hasa mnunuzi akiwa wa ng'ambo ya Mpondwe, upande wa Kongo. Ikivuka kwenda Kasindi kwa jina lako bila karatasi za forodha, atakayetafutwa ni wewe.