Filamu ya Nyimbo na Futuhi ya Mwimbaji

Mfasiri aliyeko Masasi au Newala, atakiwapo kuwaeleza wananchi aina ya filamu watakayoonyeshwa, huenda akaridhika kuandika «filamu ya nyimbo». Istilahi hiyo ni pana mno. Katika *Shree 420* (1955), Raj Kapoor huonekana akiimba, ilhali sauti ni ya Mukesh au Manna Dey. Katika *Blue Hawaii* (1961), Elvis Presley huimba mwenyewe. Hadithi ni nyepesi, ya kuchekesha, nayo imejengwa juu ya umaarufu wake. Kati ya 1956 na 1969 aliigiza katika filamu 31, nyingi za namna hiyo.

Mtazamaji wa sindimba huko Newala humwona na kumsikia mwimbaji papo hapo. Asipofahamishwa tofauti hii, atamsifu Kapoor kwa sauti isiyo yake, na mwenye sauti atakosa haki yake.

Kwa kuwa «futuhi» ni mchezo wa kuchekesha, twapendekeza aina ya pili iitwe «futuhi ya mwimbaji». Ama neno «nyota», likimhusu mtu, lifuate upatanisho wa viumbe: «nyota huyu anaimba». «Nyota hii» ni ya mbinguni.