Dizeli Ikipanda: Wenye Malori wa Kisii na Nyamira Wajipange Vipi?

Kama una lori Kisii au Nyamira, tarehe 14 ya kila mwezi unaijua vizuri. Ndiyo siku EPRA hutangaza bei mpya za mafuta kwa kila mji. Kesho yake zinaanza kutumika, na hapo hakuna mambo ya kupatana.

Mwanzoni mwa 2022, lita ya dizeli Nairobi ilikuwa shilingi 110.60. Oktoba 2023 ikafika 205.47. Bei ya dunia ilikuwa imepanda, shilingi yetu imedhoofika, na VAT ya mafuta imetoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023. Baadaye bei ilishuka, lakini hata mwisho wa 2024 ilikuwa bado juu ya shilingi 160.

Hebu tupige hesabu. Lori la ndizi likitoka Kisii kupitia Keroka, Sotik, Bomet na Narok hadi Nairobi, linakata karibu kilomita 300. Kwenda na kurudi ni 600. Tuseme lita moja inalipeleka kilomita nne: safari moja ni lita 150. Kwa bei ya 2022 ungelipa shilingi 16,590. Kwa ile ya Oktoba 2023, karibu 30,820. Nyongeza ni zaidi ya shilingi 14,000. Ukibeba mikungu 350, kila mkungu unabeba shilingi 40 zaidi. Mwenye lori asipozilipa, atazilipa mkulima au mama wa sokoni.

Bei ya pampu huwezi kuibadilisha. Lakini kuna mambo matatu yaliyo mikononi mwako.

Usirudi tupu

Lori tupu linakunywa mafuta bila kuleta chochote. Ukipeleka ndizi au parachichi Nairobi, tafuta mzigo wa kurudi kabla hujaondoka: saruji, unga, vifaa vya hadhara. Anayebeba majani chai hadi Mombasa aulizie mbolea, kwa sababu nyingi huingia nchini kupitia bandari hiyo. Mzigo wa kurudi ukilipa hata nusu ya mafuta, mwenye ndizi anapumua.

Patana bei kwa tarehe

Ukikubaliana na mteja bei ya mwezi mzima, sema wazi itaangaliwa upya kila tarehe 15. Dizeli ikipanda, nauli ya mzigo ipande kidogo, ikishuka, mshushie. Mteja anayeona unashusha hatakukimbia siku ukipandisha.

Lipa mafuta moja kwa moja

Hapa ndipo pesa nyingi huvujia. Ukimtumia dereva pesa za mafuta, unakatwa ada ya kutuma, naye anakatwa ada ya kutoa. Halafu risiti inapotea na ugomvi unaanza: mwenye lori anadai dereva ameuza mafuta njiani, dereva anaapa kwamba mlima na matope ndiyo yaliyoyala. Nani ana ushahidi?

Lipa kwenye tili ya kituo cha mafuta ukiwa popote. Dereva akupigie akiwa kwenye pampu, akusomee lita na kilomita kwenye mita ya lori. Ujumbe wa malipo utaonyesha kiasi, saa na jina la kituo. Andika lita na kilomita kando yake. Baada ya mwezi utajua lori linakula kiasi gani, na kama kuna tairi bovu au injini mbovu, itajionyesha. Rekodi hiyo inamlinda pia dereva mwaminifu asisingiziwe.

Posho yake mtumie kando. Dereva asiye na pesa ya chakula atakula mafuta.

Kumbuka pia:

- Soma jina la anayelipwa kabla ya kuweka PIN. Likiwa tofauti na la kituo, simama kwanza.
- PIN ni yako peke yako. Usimpe dereva, tanboi wala anayejiita mhudumu wetu.
- Mteja akisema amekulipa, angalia salio kabla ya kushusha mzigo. Ujumbe wa kughushi si pesa.
- Mwisho wa mwezi, itisha taarifa ya akaunti uilinganishe na daftari lako.

Tarehe 14 itakuja tena. Anza na safari moja wiki hii: andika kila lita na kila kilomita. Bei mpya ikitangazwa, utajua kabla ya lori kung'oa nanga kama safari inalipa au haitalipa.