Kusoma na Kusemezana

Leo twataka kuzungumza nanyi habari ya kusoma. Hatusemi habari za mtu mmoja aliyejitenga na kitabu chake, ingawa huyo naye atenda vema. Twasema habari za watu wengi wanaosikiliza maandishi mamoja, kisha wakashauriana juu yake. Mfano wetu tutautwaa katika miteremko ya Mlima Meru na mji wa Arusha, kwa kuwa huko jambo hili liliwapa watu nguvu katika siku ya taabu kubwa.

Wengi hudhani ya kuwa gazeti moja lina msomaji mmoja. Hesabu hiyo haifai kwetu. Gazeti likifika kijijini, ajuaye kusoma hulisoma kwa sauti. Mzee asiyejua hata herufi moja husikiliza, huuliza, hukataa, hukubali. Mzee huyo hakuyatazama maneno kwa macho, lakini ameyapima kwa akili. Je, tuseme kwamba hakusoma?

Kushauriana ni desturi ya kale kuliko vitabu. Waarusha walikutana kwa marika yao, na kila rika lilikuwa na wasemaji wake, walioitwa laigwanani. Wameru nao walikuwa na washili, yaani wakuu wa koo, ambao waliyasikiliza mashauri ya watu. Walijua kusema na kusikiliza, nao walitafuta mapatano kabla ya kukata shauri. Lakini neno la mdomo lina mpaka wake: halifiki mbali bila mjumbe, na mjumbe akisahau, neno limepotea.

Wamisioni wa Kilutheri wa Leipzig walianzisha kituo Nkoaranga mwaka wa 1902, na kingine Ilboru mwaka wa 1904, na vijana wakajifunza kusoma na kuandika. Baadaye yakaja magazeti ya Kiswahili. Mnamo Januari 1923 serikali ya Tanganyika ilianza kutoa Mambo Leo huko Dar es Salaam, kila mwezi mara moja, kwa senti 10. Ndani yake mlikuwa na habari za nchi, mafundisho ya kilimo na afya, mashairi, na barua za wasomaji. Kwa barua hizo mtu wa bara aliweza kushindana kwa hoja na mtu wa pwani ambaye hakupata kumwona maisha yake yote. Lakini gazeti lile lilikuwa la serikali. Mwaka wa 1937 Bwana Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda aliyekaa Dar es Salaam, alianza kutoa gazeti lake Kwetu, ili Waafrika wawe na mahali pa kusema kwa kalamu yao wenyewe.

Tukumbuke jambo moja zaidi. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama kwa Mmeru wala kwa Mwarusha. Basi aliyewasomea wazee wake gazeti hakuwa na budi kulifasiri pia, kwa Kimeru au kwa Kimaasai. Na mwenye kufasiri hawezi kurukaruka. Neno asilolielewa litamkwama kinywani, na wasikilizaji watamwuliza, "Maana yake nini?" Hivyo kusoma kwa ajili ya wengine humfundisha msomaji mwenyewe.

Hayo hayakutokea kwetu tu. Huko China, mwanzoni mwa karne ya 20, kabla ya utawala wa wafalme kukoma mwaka wa 1912, watu wenye elimu walifungua vyumba vya kusomea magazeti katika Beijing na miji mingine. Maandishi ya wanachuoni yalikuwa mbali sana na maneno ya watu wa sokoni, na wengi hawakujua kusoma. Kwa hiyo baadhi ya vyumba hivyo viliweka wasemaji, ambao kazi yao ilikuwa kusoma habari na kuzieleza kwa maneno ya kila siku. Mchuuzi na mchukuzi wa mizigo waliweza kusikia mambo ya nchi yao. Mtazame Mchina yule na kijana wetu wa Meru: kazi yao ni moja.

Sasa tuje kwenye siku ya taabu tuliyoitaja. Serikali ya kikoloni iliazimia kuwaondoa Wameru katika nchi ya Ngare Nanyuki, upande wa kaskazini wa mlima, ili mashamba ya mifugo ya wazungu yapate kuungana pamoja. Wameru walikataa. Mwezi wa Novemba 1951 askari walikuja, watu yapata 3,000 wakaondolewa kwa nguvu, na nyumba zao zikachomwa moto.

Wangeweza kujibu kwa mikuki, na wengi wangekufa. Walichagua njia nyingine. Tangu mwaka wa 1946 Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Mkataba wa Umoja huo, katika Ibara ya 87, uliruhusu maombi ya watu wa nchi za udhamini yapokelewe na kuchunguzwa. Maneno hayo yalikuwa yameandikwa. Yalimfaa yule tu aliyejua kwamba yapo. Wameru walikuwa na chama chao cha raia, wakachanga fedha, wakaandika malalamiko yao. Wakamtuma Bwana Kirilo Japhet, pamoja na mwanasheria Bwana Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, aliyefanya kazi Moshi. Mnamo Julai 1952 Kirilo alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini, akaeleza habari za ndugu zake.

Je, walishinda? La, hawakushinda siku zile. Katika Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa, mwaka ule ule, azimio la kuwatetea lilikosa theluthi mbili za kura zilizohitajiwa. Lakini shauri la kijiji kimoja cha mlimani lilikuwa limesikiwa na mataifa. Kirilo aliporudi alitembea katika Tanganyika akiwasimulia watu, na wengi wakajifunza kwamba dola yaweza kuulizwa maswali. Baadaye yeye na Seaton waliiandika habari hiyo katika kitabu kilichotolewa Nairobi mwaka wa 1967, na hata leo kinasomwa.

Angalieni jinsi kazi ile ilivyogawanyika. Baraza lilitoa maneno, kalamu ikayabeba, na mchango wa wengi ukampeleka msemaji. Kama wangejua kuandika bila kushauriana, ingekuwa barua ya mtu mmoja, na mtu mmoja hupuuzwa kwa urahisi. Kama wangeshauriana bila kuandika, kilio chao kingeishia mlimani.

Baada ya uhuru njia hiyo hiyo ilitumika kwa nchi nzima. Mwaka wa 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 watu yapata milioni 2 walikutana katika vikundi. Walisikiliza redio, mmoja akawasomea sura ya kitabu, wakajadiliana, kisha wakaazimia kazi ya kufanya: kuchimba vyoo, kuchemsha maji, kufukia madimbwi ya mbu. Somo lililojadiliwa liligeuka kuwa jembe mkononi.

Na leo? Katika mji wa Arusha, kama katika miji yetu mingine, utawaona watu wamesimama mbele ya meza ya magazeti, wakisoma vichwa vya habari, kisha wakaenda zao. Wengine hupokea habari kwa simu, wakazituma kwa watu 20 kabla hawajafika mstari wa mwisho. Mabishano hayakosekani, kilichopungua ni kusoma kabla ya kubishana. Hasara yake si ndogo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na katika mkutano huo kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kusema. Lakini haki hiyo itafaa nini, ikiwa karatasi imeletwa mkutanoni, watu wakaambiwa "ni mambo ya kawaida tu," wakainua mikono bila kusomewa?

Kwa hiyo twawashauri mambo manne. Kwanza, karatasi yoyote inayowahusu wengi isomwe kwa sauti tangu mwanzo hata mwisho, na neno gumu lielezwe kwa lugha ambayo wazee na akina mama waliohudhuria wanaielewa. Pili, ulizeni nani ameandika, lini, na kwa sababu gani. Tatu, kabla ya kumpinga mwenzako, rudia hoja yake kwa maneno yako mpaka yeye mwenyewe aseme, "Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema." Nne, yaliyoazimiwa yaandikwe, na mkutano ujao uanze kwa kuyasoma.

Nanyi wanafunzi, mnayo kazi tangu leo jioni. Mkifika nyumbani, msifiche elimu yenu ndani ya madaftari. Mwambieni babu au bibi, "Shikamoo," kisha msomeeni ukurasa mmoja, na mngojee maswali. Kama swali lake likiwashinda, msione haya. Rudini kwenye maandishi, mkasome tena.