Kufunga Kozi ya Mtandaoni: Wajibu wa Mwalimu Mwishoni mwa Muhula

Katika chuo cha bweni muhula hufungwa na mambo mengi ambayo mwalimu hayapangi yeye. Kuna mtihani wa mwisho, kuna ibada ya kufunga chuo, kuna wanachuo wanaogonga mlango wa ofisi kuulizia insha zao, na hatimaye kuna mizigo inayopakiwa kwenye basi. Hata mwalimu mzembe huagwa. Kozi inayofundishwa kwa njia ya mtandao haina lolote kati ya hayo. Zoezi la mwisho linatumwa, kisha kimya. Mwalimu hajui kama kimya hicho ni cha mtu aliyemaliza kazi yake, au ni cha mtu aliyeishia njiani.

Tangu vyuo vya Tanzania vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, hadi vilipofunguliwa tena tarehe 1 Juni mwaka huo, tumezungumza sana juu ya namna ya kuanzisha masomo ya mtandaoni. Juu ya namna ya kuyafunga tumesema machache mno. Nionavyo, kufunga kozi ni sehemu ya kufundisha, na mwalimu hana budi kuhesabu watu kabla ya kuhesabu alama.

Kufundisha kwa mbali si jambo geni katika Kanisa. Elimu ya theolojia kwa enezi ilianza Guatemala mwaka 1963 katika seminari ya Wapresbiteri, kwa juhudi za James Emery na Ralph Winter, na baadaye Ross Kinsler. Wanafunzi walisoma nyumbani huku wakiendelea na kazi zao, nao walikutana na mwalimu wao kila juma katika kituo kilicho karibu nao. Mkutano huo haukuwa nyongeza. Ulikuwa nguzo ya mpango mzima. Mwanafunzi aliyekosekana kituoni alionekana kuwa hayupo. Sisi tumerithi masomo ya mbali, lakini mara nyingi tumekiacha kituo.

Basi, majuma mawili kabla ya muhula kwisha mwalimu na achukue orodha ya darasa lake. Programu kama Moodle, ambayo vyuo vingi huitumia, humwonyesha siku ambayo kila mwanachuo aliingia mara ya mwisho. Atakuta majina yaliyonyamaza. Asiyachukue yote kwa namna moja. Yuko aliyeishiwa fedha za kununua bando. Huyu anahitaji maandishi mafupi au sauti iliyorekodiwa badala ya video, au nakala ya karatasi itakayopita katika ofisi ya jimbo. Yuko mwinjilisti ambaye katika mwezi huo amezika watu watatu mtaani kwake na kuandaa darasa la kipaimara. Huyu anahitaji muda. Tena yuko aliyepata alama mbaya katika zoezi la kwanza, akaona haya, asirudi tena. Huyu ndiye mgumu kuliko wote, kwa maana hataomba chochote.

Kwa hao wote napendekeza simu ya kawaida, si ujumbe. Ujumbe unaweza kukaa siku tatu bila kusomwa, au ukasomwa bila kujibiwa. Simu ya dakika tano hufichua mara moja ni kimya cha namna gani. Tena ipigwe mapema. Matokeo yakiisha kupitishwa na kikao cha mitihani, kumsaidia mtu huyo huyo kutahitaji barua na mihtasari, na pengine mwaka mzima wa kungoja.

Hapa wengine watauliza kama huku si kulegeza utaratibu. Sivyo, iwapo nyongeza ya muda inatolewa kwa kanuni za chuo na kutangazwa kwa wote. Huruma inayotolewa kwa siri humdhulumu yule aliyekesha ili awahi. Wala alama isiongezwe kwa sababu ya huruma. Sisi Walutheri tumefundishwa kupambanua Sheria na Injili. Basi tukumbuke kwamba alama ni jambo la sheria, na kuichezea si kuhubiri Injili. Lakini alama huihukumu insha, haimhukumu mtu. Darasani sura ya mwalimu husaidia kuifafanua tofauti hiyo. Kwenye kioo cha simu tarakimu hufika peke yake. Kwa hiyo maelezo yatangulie tarakimu, hata yakiwa sentensi tatu, nayo yamfikie mwanachuo kabla kozi haijafungwa. Maelezo yanayowekwa baada ya mlango kufungwa hayana msomaji.

Kipindi cha mwisho cha pamoja kisiwe mhadhara mpya. Najua kishawishi kilichopo: sura mbili zimebaki, na mwalimu anataka kuzimaliza kwa saa moja. Aziache. Kila mwanachuo aeleze kwa kifupi ni jambo gani analipeleka usharikani, na asiyepata mtandao atume sauti yake mapema ili isikilizwe na wenzake. Kisha majina yote yatajwe katika maombi. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi kabla hajafika kwao, na katika sura ya 16 anataja watu zaidi ya ishirini kwa majina, akianza na Fibi wa Kenkrea. Tena Tertio, aliyeshika kalamu, anapata nafasi ya kutoa salamu zake mwenyewe. Darasa la mtandaoni nalo lina akina Tertio wake: mke aliyeazimisha simu, katibu wa usharika aliyechapisha maandishi. Watajwe nao. (Swali la Chakula cha Bwana kwa njia ya mtandao siliingilii hapa, linastahili makala yake. Maombi na mbaraka wa Haruni vyatosha kwa kuagana.)

Mambo ya mafaili hayana haja ya maneno mengi: wanachuo waelekezwe kupakua maandishi yao kwa siku iliyotajwa, na mwalimu atunze nakala za insha na alama kadiri chuo kinavyoagiza. Lakini liko jambo moja ambalo husahauliwa, nalo ni zito. Katika kozi ya uchungaji na ushauri wanachuo huandika juu ya watu halisi: ndoa iliyovunjika, mzee wa kanisa mlevi, binti aliyetendewa vibaya. Hata jina lisipotajwa, katika mtaa mdogo kila mtu atamtambua. Darasani maneno hayo husemwa na kupita, mtandaoni hubaki. Mwalimu akiyafuta katika simu yake, bado yamo katika simu thelathini nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatudai uangalifu. Lakini siri ya mchungaji ilitudai hivyo kabla ya sheria hiyo. Kwa hiyo katika kipindi cha mwisho kila mmoja afute visa hivyo hapo hapo, wote wakiwapo, na kundi la WhatsApp la kozi lifungwe siku hiyo. Wakitaka kuendelea kusalimiana, waanzishe kundi jipya lisilo na mwalimu.

Mwisho, mwanachuo wa mtandaoni hakuondoka usharikani kwake hata siku moja, na mara nyingi mchungaji wake hajui alichosoma. Mwalimu amwandikie mchungaji huyo barua fupi, mwanachuo akijua na kukubali: kozi ilikuwa juu ya nini, na ni kazi gani huyu sasa anaweza kukabidhiwa. Kuhubiri? Kufundisha kipaimara? Kutembelea wagonjwa? Alama zisiwemo. Barua hiyo itumwe kabla mwalimu hajaanza kuandaa masomo ya muhula unaofuata.