Kazi za Mikono katika Somo la Historia kwa Darasa Kubwa

Mwalimu mwanafunzi anayepelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule za mitelemko ya Kilimanjaro huweza kukuta darasa la watoto 80, vitabu vya historia visivyotosha, na kipindi cha dakika 40. Katika hali hiyo ni rahisi mno kuandika ubaoni orodha ya miaka na majina, watoto wakainakili, na somo likahesabiwa kuwa limefundishwa. Katika makala haya tunakusudia kueleza njia nyingine, yaani kufundisha historia kwa kazi za mikono, na kuonyesha kwamba wingi wa watoto si kikwazo kama inavyodhaniwa. Zipo kazi ambazo darasa la watoto kumi lisingeziweza.

Kwanza tuondoe dhana moja. Kazi ya mikono katika historia si pambo. Sote tumekwisha kuona nyumba ndogo ya msonge iliyojengwa kwa boksi na nyasi, ikawekwa juu ya kabati, ikamsubiri mkaguzi huku ikipata vumbi. Mtoto aliyeijenga amejifunza kubandika. Hakuulizwa kwa nini paa lilishuka karibu na ardhi, wala kwa nini mifugo ililala ndani pamoja na watu, wala moshi ulipita wapi. Kazi inayofaa ni ile inayomfikisha mtoto kwenye tatizo lile lile lililowakabili watu wa zamani, akalihangaikia kwanza, ndipo aambiwe wao walifanyaje.

Njia hii si ngeni katika nchi yetu. Kabla ya shule kuwapo, nyumba yenye watoto saba au wanane ndiyo iliyokuwa darasa, na watoto hao hawakugawanywa kwa umri. Mkubwa alifanya kazi, wa kati alimsaidia, mdogo aliiga kwa mchezo. O. F. Raum, aliyepata kufundisha huku Kilimanjaro, alieleza kwa kirefu malezi hayo katika kitabu chake *Chaga Childhood* kilichotolewa mwaka 1940, na mojawapo ya mambo aliyoyakazia ni jinsi watoto walivyoziiga kazi za wakubwa katika michezo yao. Mwalimu mwenye watoto wa umri mbalimbali katika chumba kimoja, au mzazi mwenye wengi nyumbani, afuate mpango huo huo: kazi iwe moja, mikono iwe ya namna nyingi.

Tuchukue mfano wa mfongo. Kila mtoto wa Marangu, Machame au Kibosho ameuona mfereji unaokatiza migombani, na kwa sababu ameuona tangu kuzaliwa, hauulizi. Charles New, aliyefika Moshi mwaka 1871, ni mmoja wa wageni walioandika habari za mifereji ya mlima huu. Mito ya Kilimanjaro hupita ndani ya makorongo marefu, na vihamba viko juu ya migongo ya ardhi iliyo kati ya makorongo hayo. Maji hayapandi. Ilibidi watu waende mbali juu, mahali mto ulipo bado sawa na ardhi, wayachepushe kwa magogo, mawe na udongo, kisha wayaongoze ubavuni mwa mlima kwa mwinuko mdogo sana mpaka yafike shambani. Mahali palipokuwa na bonde dogo, waliyavusha kwa magogo yaliyochongwa katikati.

Somo lenyewe hufanyika nje, kwenye mtelemko wowote wa eneo la shule. Darasa la watoto 80 ligawanywe katika makundi manane. Kundi la kwanza lipewe chanzo, yaani ndoo tatu za lita 20 na kibwawa cha kuyakusanyia maji. Kundi la pili na la tatu lichimbe mfereji, lisiuelekeze chini moja kwa moja bali ulipite ubavu wa mtelemko. Makundi matano yaliyobaki yapewe kila moja kishamba cha meta moja kwa meta moja, vikipangwa kutoka juu kwenda chini. Zana ni majembe machache, vijiti, na magome ya migomba, ambayo yakikunjwa huwa mifereji mizuri ya kuvushia maji. Watoto wadogo waruhusiwe kukandika udongo. Kazi hiyo wanaijua kuliko sisi.

Jaribio la kwanza litashindwa, na ndivyo inavyotakiwa. Mfereji uliochimbwa kwa mteremko mkali utakata udongo na kubomoka. Uliolazwa mno utatuamisha maji yakazama ardhini. Watoto watagundua kwamba maji yenyewe ndiyo kipimo: wachimbe hatua chache, wayaachie, wayatazame, kisha wachimbe tena. Hapo mwalimu anaweza kuwaeleza kwamba wazee hawakuwa na chombo cha kupimia usawa, na bado walivuta maji mwendo mrefu.

Lakini kilele cha somo huja pale mfereji unapofanya kazi. Kundi lenye kishamba cha juu litakunywesha maji karibu yote, na kundi la mwisho litabaki na tope. Zogo litazuka. Tunamsihi mwalimu mwanafunzi ajizuie kusema neno kwa dakika chache, ingawa ni vigumu, hasa kama mwalimu mkuu anachungulia dirishani. Watoto wenyewe wataanza kudai zamu, kisha watadai mtu wa kusimamia zamu, kisha watauliza itakuwaje kwa yule anayefungua maji nje ya zamu yake. Sasa ndipo waelezwe habari za mwenye mfongo, mzee wa ukoo uliouchimba, aliyegawa zamu za maji na kuita watu kwenye ukarabati, na faini aliyotozwa asiyefika kazini. Mtoto aliyekosa maji saa nne asubuhi hahitaji kukaririshwa maana ya uongozi. Zogo hilo linahitaji watu wengi. Hapa ndipo darasa kubwa linapolishinda darasa dogo.

Kazi ya pili ni ya kufundishia wakati, jambo lililo gumu kuliko yote kwa mtoto wa shule ya msingi. Kwake Mangi Meli na Vita vya Kagera vyote ni "zamani". Wazee wa Kichagga walikuwa na mregho, fimbo iliyochongwa alama, kila alama ikiwa na fundisho lake kwa vijana. Mafunzo yale hayakuwa ya kila mtu na hatupendekezi yaigizwe. Ila fikra ya kushika kumbukumbu kwa vidole tunaweza kuiazima.

Watoto wasokote kamba kwa nyuzi za mgomba mkavu. Tutumie sentimeta 10 kwa kila mwaka. Safari hii makundi ni kumi ya watoto wanane wanane, na kila kundi litengeneze kipande cha meta 2, yaani miaka 20, kuanzia 1840. Alama ziwekwe kwa vitambaa vilivyofungwa juu ya kamba, si kwa kupiga fundo kamba yenyewe, maana fundo huifupisha kamba na hesabu ikapotea. Kipande cha kwanza kitapata mwaka 1848, Johannes Rebmann alipoona theluji ya Kilimanjaro na wasomi wa Ulaya wakakataa kumwamini. Cha tatu kitapata 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika Kibo. Cha tano kitakuwa na 1925, wakulima Waafrika wa kahawa walipoanzisha chama chao, KNPA, na 1933 kilipofuatwa na KNCU. Cha saba kitapata 1961, Alexander Nyirenda alipousimika Mwenge kileleni.

Vipande vikiunganishwa na kutandazwa uwanjani, kamba ni ya meta 20. Watoto waitembelee. Toka theluji ya Rebmann hadi Mwenge ni meta 11 na sentimeta 30. Kisha kila mtoto afunge uzi mahali alipozaliwa yeye, na mwingine mahali alipozaliwa bibi au babu yake. Nyuzi zao wenyewe zitasongamana karibu na mwisho wa kamba, na hapo ukimya huingia. Sehemu ya miaka ambayo haijafika iachwe tupu.

Kipande cha nne kinaanza na 1900, na hapa tuna neno. Tarehe 2 Machi mwaka huo Wajerumani walimnyonga Mangi Meli huko Old Moshi pamoja na viongozi wengine. Mwalimu mwenye bidii anaweza kushawishika kuwatengenezesha watoto mti na kitanzi cha udongo. Asifanye hivyo. Mikono ya mtoto isifundishwe kuchezea kifo, tena huenda darasani wamo watoto wa koo zilizoondokewa. Kitambaa cheusi kwenye kamba kinatosha, na hadithi isimuliwe watoto wakiwa wameketi. Hali kadhalika, wasipelekwe ndani ya mahandaki ya kale ambamo watu walijificha wakati wa vita. Yatazamwe kutoka mlangoni, na ramani yake ichorwe ardhini shuleni.

Majina na miaka ya familia hayamo vitabuni, kwa hiyo mtoto hana budi kuuliza nyumbani. Wakati bora ni likizo ya Desemba, ndugu wanaporudi migombani kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, na nyumba moja hujaa wajukuu. Kila mtoto apewe maswali matatu tu: nani aliuchimba mfongo wetu, nani aliyepanda mbuni wa kwanza katika kihamba hiki, na bibi alizaliwa wakati wa jambo gani. Majibu mengine yatapingana. Yote mawili yaandikwe kwenye vikaratasi na kufungwa mahali pamoja, na darasa lijadili lipi lina ushahidi zaidi.

Mwisho wa muhula kamba isikatwe. Ikunjwe, itundikwe mahali pakavu mbali na panya, na darasa linalofuata likabidhiwe kwa hesabu ya vitambaa.