Hali Moja, Awamu Mbili: Istilahi za Miseto ya Polikaboneti na Polima za Fuwele-Kimiminika

Makala hii inafafanua dhana ya awamu katika miseto ya polikaboneti na polima za fuwele-kimiminika, na kubainisha kwa nini neno "hali" haliwezi kuibeba. Mwanafunzi hufundishwa kwamba maada ina hali tatu: yabisi, kimiminika na gesi. Mgawanyo huo ulitiwa shaka mwaka 1888, Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea wa Austria, alipobaini kwamba kolesteroli benzoeti huyeyuka mara mbili. Kwenye nyuzi 145.5 za Selsiasi huwa kimiminika chenye ukungu. Kwenye nyuzi 178.5 ukungu hutoweka. Kimiminika hicho cha kwanza hutiririka, ilhali molekuli zake zimejipanga kwa utaratibu.

Minyororo ya polima za aina hiyo, zile zinazochanganywa na polikaboneti, ni migumu na imenyooka kama fito. Ya polikaboneti hujikunja kama uzi uliovurugika. Mwaka 1978 Paul Flory alionyesha kinadharia kwamba nyuzi zilizojikunja karibu hazipati nafasi miongoni mwa fito zilizojipanga. Ndiyo maana polima hizi mbili, hata zikiyeyushwa na kukorogwa pamoja, kwa kawaida hujitenga. Kipimo chake ni joto la kulainika: polikaboneti pekee hulainika karibu na nyuzi 150, na joto hilo lisipobadilika ndani ya mseto, polima hizo hazikumumunyikana.

Mseto huo ukipoa, sehemu zote mbili ni yabisi. Hali ni moja. Awamu ni mbili. Neno "mseto" lenyewe linafaa, kwani mchele na choroko hupikwa chungu kimoja na kila kimoja huonekana. "Mchanganyiko" hujumuisha hata sukari ndani ya chai.

Utengano huu una faida: mseto ulioyeyushwa ukivutwa, matone ya fuwele-kimiminika hurefuka kuwa nyuzinyuzi zinazoimarisha polikaboneti, ingawa mshikamano mpakani huwa dhaifu. Ukikaa muda mrefu kwenye joto kali, minyororo huweza kubadilishana vipande na mpaka kufifia.

Pingamizi kwamba "awamu" ni kipindi, kama katika awamu za serikali, lina uzito, lakini muktadha huondoa utata huo. Kamusi ikitumia "hali" kwa dhana zote mbili, kauli kwamba mseto huu una hali moja na awamu mbili haiwezi kuandikwa kwa Kiswahili.